Funguo Ishirini na Tatu Mkebeni

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza rasmi Mkakati wa Ukuaji. Nimeuandika nyuma ya kalenda ya duka kwa wino mwekundu. Chanzo ni Bwana Rimoti, fundi mwenzangu wa funguo za magari, ng'ambo ya barabara. Ameleta mashine mpya. Mteja akipoteza ufunguo, yeye anamtengenezea mwingine kwa saa moja. Mimi natumia saa tatu, tena gari likiwa na hisani. Nikizubaa nitabaki na kazi ya kufunga spika tu.

Mkakati wenyewe: kila anayekuja kubadilisha betri ya rimoti, namtengenezea ufunguo wa akiba na kuutambulisha kwa gari lake, yeye akiwa nje anaongea na simu. Simwambii. Nauweka kwenye mkebe wa biskuti na lebo yenye jina lake. Siku akiupoteza wa kwake, nafika na mwingine kabla machozi hayajakauka. Majaribio yalianza Januari. Ziko ishirini na tatu sasa. 

Jumanne, 4 Machi

Mkakati umejibu! Daktari wa meno amepoteza ufunguo sokoni. Alipiga simu analia. Dakika saba tu, nikawa nimesimama mbele yake, nabonyeza, gari linafunguka. Alishukuru sana. Halafu akauliza nimeutengenezaje ufunguo bila hata kuliona gari. Nikasema ni uzoefu. Akanitazama kama anavyotazama jino bovu. Aliondoka polepole, macho kwenye kioo cha nyuma, ananiangalia mimi.

Kijasho kilinitoka. Nimejiambia ni jua.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Gari la mwoka mikate limetoweka. Kioo hakikuvunjwa, alamu haikulia. Mtaa mzima unasema mwizi alikuwa na ufunguo. Ufunguo wa mwoka mikate uko kwenye mkebe wangu. Nimekwenda kuuangalia mara sita. Upo. Sijui kama kuwepo kwake ni habari njema au mbaya.

Bwana Rimoti alisimama mlangoni kwake akatangaza, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikiwa, kwamba kazi hiyo haifanywi na mhuni wa mtaani, inafanywa na fundi. Alikuwa anatazama upande wangu.

Saa nane akaja shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu. Ni mpelelezi wa polisi. Nikakaa juu ya betri ya gari. Kumbe alitaka ushauri wa kitaalamu: gari linaweza kuibwaje bila kuvunjwa? Nikamweleza. Nilipoanza sikuweza kuacha, hofu inanifanya mwongeaji. Nilimpa njia nne, pamoja na ile ya ufunguo wa akiba wa siri. Hiyo aliipigia mstari.

Akikuta ule mkebe, duka limekwisha, na atakayenifunga pingu ni mtu aliyenipa dada yake. Chakula kimenishinda. Mke wangu kauliza kama naumwa. Nikasema meno. Akasema nimwone daktari wa meno. 

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamua kuutupa mkebe. Kwanza nimebandua lebo zote na kuzichoma, maana mwandiko ni wangu. Kisha nikamimina funguo kwenye mfuko wa kitambaa, ule mkebe unapiga kelele mno. Njia fupi ya kwenda jalalani inapita maegesho ya soko. Nikapita hapo.

Sikufikiria vitufe. Rimoti ishirini na mbili, ukitoa ya daktari wa meno, zinasukumana ndani ya mfuko mmoja! Nilipopiga hatua ya kwanza gari jeupe likawasha taa. Hatua ya pili, mawili yakalia pii. Nikaanza kutembea kwa haraka, ikawa ndiyo mbaya zaidi. Milango inajifungua kushoto, buti linainuka kulia, taa zinakonyeza, kila gari linanisalimia kana kwamba mimi ndiye mwenyewe. Watu wakaacha kununua vitunguu. Daktari wa meno alikuwepo, ameshika kabichi, kinywa wazi.

Nikaukumbatia mfuko nikakimbia hadi nyumbani. Jalalani sikufika. Uko chini ya kitanda, upande wangu. Nalala bila kujigeuza.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kapiga simu asubuhi. Sauti kavu. Nifike kituoni saa nne, kuna jambo la ufunguo. Nikajua nimekwisha. Nilimkumbatia mke wangu mpaka akaniuliza nimevunja nini.

Nikapiga moyo konde, nikabeba mfuko. Kabla hata ya kukaribishwa nikaumimina juu ya meza ya shemeji na kukiri yote: Mkakati, Januari, mkebe, lebo, moto. Nikamwapia kwamba la mwoka mikate sikuligusa.

 Alinieleza taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Gari la mwoka mikate lilipatikana jana jioni. Aliliacha mwenyewe kwenye kinu cha unga, akarudi na lori la magunia, akasahau. Mimi niliitwa kwa sababu yeye shemeji amepoteza ufunguo wake, na daktari wa meno alimwambia nafika kwa dakika saba.

Sikujua nicheke au nizirai. Yeye alijua la kufanya. Alichukua rimoti mojamoja, akazibonyeza dirishani. Ya kumi na moja, gari lake likaitika uani. Hakucheka.

Amri yake: nirudishe kila ufunguo kwa mwenyewe, kwa mkono wangu, na kuomba radhi, kabla ya kesho jioni. Ukibaki mmoja, nalala ndani, udugu au si udugu.

Jumamosi, 8 Machi

Bila lebo! Nimezunguka mtaa mzima nabonyeza mbele ya kila gari, watu wananifuata. Mwoka mikate alipokea wake, akafunga mlango. Daktari wa meno, nilipomwomba radhi, alisema ningemwambia tu angekubali, tena angelipia. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Kufikia saa kumi mkono ulikuwa mtupu, na foleni ya watu wanaobadilisha namba za siri za funguo zao ilikuwa imejaa kwa Bwana Rimoti. Aliniletea kiti nikae niitazame.

 Mke wangu kauliza swali moja tu: kama nimejifunza. Nikasema nimejifunza sana.

Jumapili, 9 Machi

Nimejifunza kwamba kosa lilikuwa funguo. Zina vitufe. Tatizo la kweli la mtaa huu ni watu kusahau magari walikoyaacha, na dawa yake ni kifaa kidogo cha kufuatilia gari, kinabandikwa chini kwa sumaku. Jana, nilipomwomba shemeji radhi mara ya pili, nilikibandika kimoja chini ya gari lake. Sikumwambia. Angekataa kabla ya kuona faida.

Kinafanya kazi ajabu. Niko chumbani na simu. Kidoti cha gari lake kwenye ramani kimetoka kwake saa tatu. Kimepita duka la mikate. Kimepita soko. Kimeingia mtaa wetu.

Kimesimama mlangoni.

Nimechungulia dirishani. Shemeji amelala chali chini ya gari lake na tochi mkononi. Mke wangu amemshikia koti. Wote wawili wanatazama dirisha hili.

 Lakini kidoti hakikukosea hata nyumba moja. Nikitoka salama, Jumatatu naanza na gari la daktari wa meno.