Neno Hifadhi na Kifua cha Mjomba

Jumatatu, 3 Machi
Mhariri Mkuu wa kamusi yetu katangaza: anatafuta naibu. Nani tena kama si mimi! Miwani, yule wa meza ya dirishani, naye anaitaka nafasi. Kila mmoja afafanue maneno arobaini ya herufi H kufikia Alhamisi. Mkuu analikazia *hifadhi*: lilivyotoka kwenye kukariri msahafu likaishia kwenye kompyuta. Miwani kajifukia vitabuni. Mimi nina mjomba aliyehifadhi msahafu mzima.

Jumanne, 4 Machi
Nimemaliza yote. Kwenye *hasidi* nimeandika: "mtu mwenye kijicho, aghalabu hukaa dirishani." Nani atajua? Jioni nikaenda kwa Mjomba. Haoni tangu mwaka juzi. Nikamweleza kwamba zamani kuhifadhi ilikuwa kazi ya kifua, siku hizi ya kidole: unabonyeza, basi. Akauliza huyo aliyebonyeza amebaki na nini. Nikamsomea karatasini maneno yote arobaini, anisifu. Wapi! Midomo tu inachezacheza. Nadhani alisinzia.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwisha! Nilikuwa nakinga skrini Miwani asichungulie, goti likang'oa waya. Maneno yote yamekwenda, na karatasi nilishazichana asubuhi nilipomaliza kuyachapa. Sikuhifadhi hata neno moja, mimi niliyeeleza kuhifadhi kwa aya tatu! Miwani akanipa pole. Pole yenye meno.

Nikakimbilia kwa Mjomba, machozi yananilenga. Akaniambia nikae, nishike kalamu. Akaanza na *haba*. Akaja *habari*, *hadaa*, *hadhi*. Neno kwa neno, nukta kwa nukta, na pale nilipokohoa jana, akasita. Nywele zilinisimama. Nikawa naandika tu. Mtu huyu nimemjua tangu nizaliwe, na leo ndiyo kwanza namwona.

Kwenye *hasidi* akatua.

"Hili lina chuki, mwanangu. Lakini nakurudishia kama ulivyonipa. Kulisafisha ni juu yako."

Nikaitikia. Sikulisafisha. Zuri mno.

Alhamisi, 6 Machi
Mkuu kalisifu *hifadhi* mbele ya ofisi nzima. Nikavimba. Kisha akasoma *hasidi*, kwa sauti. Watu wote wakageuka kutazama dirishani. Naibu ni Miwani.

Ijumaa, 7 Machi
Naibu kanipa herufi K yote, adhabu hiyo. Nami sihangaiki na kubonyeza. Kesho nampelekea Mjomba, nimsomee mbiombio. *Katili* nimeshaliandika. Linavaa miwani.