Bwana Zulu Hakupiga Simu

Jumatatu, 2 Februari

Nimeamua. Naondoka Plum Hollow! Naondoka Nebraska yote na theluji yake.

Chanzo ni Maren, yule binti wa dawati la mbele. Leo kaniuliza mbele ya darasa zima kama nimewahi kufika Italia. Nikasema swali zuri. Ufaransa je? Nikasema tufungue kitabu. Basi, mwalimu, mbali kabisa ulikowahi kufika ni wapi? Denva, jimbo la jirani. Nilikwenda kung'oa jino. Wamecheka mpaka kengele ikalia. Miaka kumi na tisa nafundisha jiografia ya dunia ambayo sijaiona. Imeniuma, sitadanganya.

Dawa ninayo. Jeshi letu la Marekani lina kambi ng'ambo. Askari wana watoto, watoto wanataka walimu. Tiketi wanakulipia, nyumba wanakutafutia. Maombi nimeshatuma. Pale wanapouliza uko tayari kwenda wapi, wengine huandika popote. Mimi nimeandika Napoli tu, kule Italia. Mtu mwenye thamani yake hachagui popote. Nimeanza kujifunza Kiitaliano kwenye boksi la piza.

Mkuu wetu, Bwana Tesch, katukumbusha mikataba ya mwakani. Mwisho wa kusaini ni mwisho wa mwezi huu, asiyesaini kazi yake inatangazwa. Nimemwambia kalamu yangu ina shughuli nyingine. Hakuuliza shughuli gani. Angeuliza ningemwambia.

Nimemwambia Mama. Kasema vizuri, chumba changu kitamfaa kwa cherehani yake. Hata chozi!

Jumatano, 4 Februari

Balaa. Darlene Pospisil naye kaomba!

Huyu ni mwalimu wa hesabu, darasa la jirani. Ndiye mwenye dirisha zuri na kipoza hewa, wakati mimi nina bomba linalokohoa. Na sasa anataka Italia yangu! Nilimsikia kwenye chumba cha walimu akimwambia mtu wa ofisini kwamba kaomba shule za jeshi.

Sikuonyesha kitu. Nilimpelekea kahawa. Nikamwuliza, kwa huruma tu, kama anajua Napoli iko chini ya volkano. Kwamba mji mzima umelala chini ya mlima unaochemka. Nikamsifia Korea, nako kuna kambi zetu, mpaka nikaishiwa mate. Akanisikiliza, akanywa kahawa, akasema asante Vernon, una moyo mzuri, ila yeye ameandika popote. Watoto ni watoto, anasema, wawe Korea wawe Napoli.

Popote! Kama mzigo wa posta. Huyo hanisumbui tena.

Jumamosi, 7 Februari

Nimeitwa kwenye mahojiano! Ya simu. Ujumbe ni mfupi, wa kijeshi kabisa: Alhamisi, 1400 Zulu.

Mtu mwingine angechanganyikiwa. Mimi nimeona sinema za vita. Kumi na nne ya kijeshi ni saa nane mchana. Na atakayenihoji ni Bwana Zulu. Jina moja tu, bila cheo. Hao ndio wakubwa wenyewe, hawahitaji kujieleza.

Nimeshinda maktaba. Nimesoma habari za Wazulu wote, wafalme wao, ngao zao, ng'ombe wao. Nimejifunza na salamu: sawubona. Nimeirudia mbele ya kioo hadi Mama akauliza kama nimepaliwa.

Jirani yetu mzee Hub Nordgren alikuwa mpishi wa jeshi miaka ishirini. Alikuwa anakoroga supu kambini Ujerumani mimi nikiwa bado nasoma. Leo, akizoa theluji, aliniambia nikiwa na lolote la jeshi nisiloelewa nimwulize. Nikamshukuru. Mambo ya mpishi ni sufuria.

Jumatatu, 9 Februari

Habari imeenea. Ni kweli niliieneza mimi, lakini imeenea. Walimu wamenifanyia tafrija ndogo saa ya mapumziko, keki yenye maandishi "Safari Njema Vernon". Darasa la Maren limenichangia begi la magurudumu. Maren mwenyewe kanikabidhi. Akaomba nimtumie picha ya bahari, yeye hajawahi kuiona. Nikasema atapata kumi. Nilikaribia kulia, nikasingizia vumbi la chaki. Hatujatumia chaki tangu tuletewe ubao mweupe.

Darlene alikula keki vipande viwili. Akauliza kwa upole, si ni mahojiano tu, bado hawajakuchukua? Kijicho hicho. Nilimkatia kipande cha tatu kumziba mdomo.

Alhamisi, 12 Februari

Siku mbaya. 

Asubuhi niliiacha simu ikichaji kwenye chumba cha walimu. Nafundisha mito, mara Darlene huyo mlangoni, simu yangu mkononi. Ananinong'oneza kwamba ni watu wa shule za jeshi. Saa mbili asubuhi! Nikaona mtego wa wazi kabisa. Kapanga na shoga yake wanichezee, nitoke darasani, Bwana Tesch anikute kwenye korido. Nikaichukua simu palepale mbele ya watoto.

Sauti ya mwanamke, mpole, anajiita Dokta Imelda Rasmussen, mwenyekiti wa jopo. Yuko na wenzake wawili, wako tayari kuanza. Nikamwambia maneno haya, nayakumbuka yote: "Mama, mimi naongea na Bwana Zulu peke yake, saa nane mchana. Mwambie Darlene kama mtego ni huu, autege vizuri zaidi." Nikakata.

Darasa likanipigia makofi. Darlene akabaki amesimama, amekodoa macho kama samaki wa sokoni.

Saa nane nilikuwa nimekaa kwa adabu, tai shingoni, sawubona mdomoni. Saa tisa bado nimekaa. Saa kumi mfagizi kaniomba niinue miguu.

Nimerudi nyumbani, nimemkuta mzee Hub anakula kolachi, maandazi yenye plamu ndani, jikoni kwa Mama. Nikamweleza jinsi Bwana Zulu alivyonidharau. Mzee akaacha kutafuna. Akauliza Zulu gani? Nikamsomea ujumbe. Akacheka hadi plamu ikamtoka, Mama akampiga mgongoni.

Kumbe Zulu si mtu! Jeshini kila herufi ina jina lake, na Zulu ni herufi Z tu, na Z ni saa ya Griniwichi, kule Uingereza. Kumi na nne ya huko, kwetu ni saa mbili asubuhi. Akaanza kunihesabia herufi zote: A ni Alfa, B ni Bravo, C ni Charlie... Nikamkatiza. Nikamwambia inatosha, nimeelewa, mwalimu hafundishwi alfabeti.

Mama akasema neno moja tu na limenikata maini. "Mwanangu, si wewe unayefundisha Griniwichi?"

Sikula.

Ijumaa, 13 Februari

Nimewaandikia jopo. Nimesema nilipatwa na homa ya ghafla, nikaweweseka. Nikamtaja na daktari. Hakuna daktari, lakini kuna homa nyingi mjini.

Wamejibu! Wananipa nafasi ya pili, Jumanne, na safari hii wameandika "saa za kwenu, Nebraska" kwa herufi kubwa. Wananiheshimu sana.

Darlene kahojiwa jana hiyohiyo, baada yangu. Anasema alikuwa kwenye orodha yao, wakamfikia. Akaniambia pia kwamba aliwaombea wanipigie tena, kwamba mimi ni mwalimu mzuri ila nina wasiwasi. Wasiwasi! Ananitangazia ugonjwa! Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu ananitafuna tangu yuko darasa la jirani.

Jumanne, 17 Februari

Mahojiano yamefanyika, jikoni, maana simu inashika vizuri jikoni peke yake. Nilisimama wima, visigino pamoja. Kila swali nikajibu ndiyo, afande! Dokta Rasmussen akasema taratibu kwamba hakuna afande hapo, yeye kafundisha chekechea miaka thelathini. Nikasema ndiyo, afande.

Wakauliza kuhusu nidhamu. Nikaahidi gwaride kila asubuhi, pushapu kwa wachelewaji, na paredi la madaftari Ijumaa. Nikasikia karatasi zinapinduliwa. Nadhani walikuwa wanaandika.

Ndipo likaja swali lenyewe. Mtoto, mama yake ni askari, katumwa mbali miezi tisa. Mtoto kaacha kufanya kazi zake, anakaa tu anatazama mlango. Mwalimu utafanyaje?

Nikaanza kueleza umuhimu wa ukakamavu. Mama yangu alikuwa kwenye jiko anakoroga kabeji. Hakugeuka hata kugeuka. Akasema kwa sauti yake ileile ya kuniita chakulani:

"Mkalishe karibu na wewe. Mpe kitu cha kutafuna. Halafu mwonyeshe kwenye ramani mama yake yuko wapi, kila siku, mpaka aache kutazama mlango."

 Dokta akauliza huyo ni nani. Nikasema redio.

Akasema angependa kuisikia tena hiyo redio. Wenzake wakacheka. Mama akaisogelea simu na mwiko wake, wakaongea dakika nzima, sijui tatu, juu ya watoto na kabeji. Mara akaanza kuwasimulia habari ya baba. Baba alipokuwa dereva wa malori mimi nilikuwa nakaa mlangoni hivyohivyo, na yeye alibandika ramani ukutani akawa ananionyesha kwa kidole, leo yuko Ohayo, leo yuko Teksas. Nilikuwa nimeisahau ramani ile. Ndiyo iliyonifanya niipende jiografia. Nikasimama na visigino vyangu pamoja.

Baada ya kukata, Mama aliniuliza kwa nini sikuwaambia mambo hayo mimi mwenyewe. Nikamwambia jeshi halitaki mambo ya kulialia. Akanipakulia kabeji.

Ijumaa, 27 Februari

Majibu! Majibu! Mungu ni mkubwa!

Niyapange vizuri. Wa kwanza kupata ni Darlene, asubuhi. Kaja kunionyesha, uso umemwiva. Kapangwa kundi Alfa, wanampeleka Napoli. Basi angalia mateso waliyompa: aende kwa daktari, achanjwe, atafute pasipoti, alete vyeti, aweke sahihi hapa, aweke sahihi pale. Hawamwamini hata kidogo. Na Alfa ndiyo nini? Neno kavu tu, hata salamu haina. Nilimwonea huruma, maskini. Alinikumbatia.

Wa pili mimi, mchana.  Naunakili ujumbe ulivyo: "Maombi yako yamewekwa kundi Bravo. Hakuna hatua nyingine inayohitajika kutoka kwako kwa sasa."

Bravo! Kwa Kiitaliano! Limeandikwa kwenye boksi la piza, juu ya mpishi anayepigiwa makofi: bravo, maana yake hongera, umeweza! Watu wa jopo wananipongeza kwa lugha ya Napoli yenyewe, mafumbo ya watu wazima. Na hawataki daktari, hawataki chanjo, hawataki cheti. Walishaniamini. Hakuna hatua nyingine inayohitajika!

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Tesch. Leo ndiyo siku ya mwisho ya mikataba. Wangu alikuwa kauweka mezani na kalamu juu yake. Kaniambia darasa la Darlene linabaki wazi, lile lenye dirisha na kipoza hewa, na nikitaka ni langu, nisaini tu. Miaka kumi na tisa nimelililia dirisha lile! Nikamrudishia kalamu. Nikamwambia ampe kijana yeyote anayeogopa dunia. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamjibu kwa Kiitaliano.

Maren nimemwambia picha za bahari ziko njiani. Kaandika jina la Napoli kiganjani kwa kalamu.

Mzee Hub nimempita anazoa theluji. Nikamwambia bravo, jopo limesema bravo! Koleo likasimama. Kauliza polepole kama mkataba nimeshasaini. Nikasema nimeukataa. Kavua kofia, akaishika kifuani namna wanavyofanya kwenye mazishi ya askari. Heshima hiyo sikuitarajia kwake.

Alitaka kunieleza kitu, akaanza tena na herufi zake, kwamba B huja baada ya A. Nikamwambia kesho, mzee, leo nina shughuli.

Mama kashaingiza cherehani chumbani kwangu. Nalala chini, kwenye chumba cha mitungi ya jamu, na begi langu la magurudumu liko pembeni yangu. Nimeshalifunga. Nimeagiza na keki ya pili, hii kubwa, na maandishi nimechagua mwenyewe.