Siku Director Alitufungulia Kliniki ya Mikono

Andika yote, Chepkirui, vile Director Gibson alisema pale kwa banda la kupimia majani chai. Yangu utafungia kwa mabano.

"Mwakilishi wa mheshimiwa, chifu, assistant wa chifu, wazee wa mtaa, pasta, machairlady waliofika na wenye wametuma apology, na nyinyi wamama wenye mlikatwa titi juu ya kansa, hamjambo tena! (Tukasema hatujambo. Hiyo ilikuwa mara ya sita, na jua iko kwa utosi.) Mimi kama mimi, kwa capacity yangu ya director, na kwa kuwa hata mimi nilizaliwa na mama (makofi), nimeona kwa macho yangu mkono wa mama ikikataa kutupa majani kwa kikapu ya mgongo, nikalia, dereva wangu ni shahidi, nikasema hapana, lazima tufanye stakeholder engagement, ndio leo tunalaunch physiotherapy ya kisasa, world class, hata wazungu watakuja kunyooshwa hapa! (Vigelegele. Mimi mkono wa kushoto haijapita bega tangu opresheni, nadonoa majani na moja kama kuku, basi nikapiga makofi kwa paja.) Ebu inueni mikono zote mbili tupigwe picha! (Kila mama akainua moja.) Mnaona? Wamama arobaini, mikono themanini, na arobaini iko juu! Hiyo ni asilimia hamsini ya mafanikio, na hata hatujaanza!"

(Ajwang, ule wa nyumba za kampuni, akapiga kelele: "Baba, hiyo kliniki mlango ni gani?")

"Swali mzuri sana, mama, hiyo tutaiweka kwa framework. Mkono juu! (Juu!) Bega huru! (Huru!) Mwisho nawashukuru kwa kutuazima hii banda, kwa maana kliniki yenyewe haina ploti, haina daktari, hata kwa karatasi haiko, sasa mpishe lori ya majani, na mfungue hiyo ribon ya uzinduzi polepole isipasuke, saa nane tunafungua nayo kliniki ya Sigor."

(Nikashika ribon na huo mkono mbaya. Director akavuta, nikavuta, akaingia kwa gari yake ya juu akivuta kupitia dirisha, wamama wanahesabu, "Moja! Mbili!" Mkono ikapita bega, ikapita sikio. Uui! Nikamwambia, "Director, usiachilie! Kesho unakuja saa ngapi?")