Kikohozi cha Pacha

Jumatatu, 3 Machi
Mdomo umeniponza! Profesa, mkuu wa idara yetu ya fizikia, alikuwa akiwaeleza wageni habari za chembe mbili zilizofungamana: ukiipima moja, nyingine hujibu kana kwamba imeambiwa. Mimi, karani tu, nikadakia kwamba mimi na dada yangu pacha tuko hivyohivyo tangu tumboni. Akasema vizuri, Ijumaa tutapimwa. Ijumaa ndiyo siku ya kutia saini barua ya kunithibitisha kazini. Au kutotia.

Jumanne, 4 Machi
Masharti nimeyachapa mwenyewe. Vyumba viwili vinavyopakana, maswali mia. Kila mmoja ataonyeshwa kadi, nyekundu au nyeupe, kisha ajibu ndiyo au hapana. Wote tukipata nyekundu, majibu yatofautiane. Vinginevyo yafanane. Kupashana habari marufuku.
Nimempigia dada. Amecheka mpaka simu ikamponyoka. Akaniuliza kama naukumbuka ukuta. Nisiukumbuke! Mama alituhoji mmoja mmoja, nani kavunja bakuli, na ukuta ule wa mbao ulipitisha kila kitu. Kikohozi kimoja: nimekana, kana nawe. Nyumba ilinuka sabuni na nguo zilizotoka kupigwa pasi. Sasa wamo wapangaji. Ukuta wameubomoa.

Jumatano, 5 Machi
Mpango. Majibu mia tumeyaandika, nakala mbili. Orodha peke yake haivuki robo tatu ya majibu sahihi, maana hakuna anayejua mwenzake kapewa kadi gani. Hapo ndipo kikohozi kinapoingia! Mimi nasoma orodha tu. Nikipewa nyekundu, nakohoa. Dada akisikia, naye ana nyekundu, anageuza jibu lake.

Alhamisi, 6 Machi
Karani wa masijala, Darubini, kanisikia nikifanya mazoezi chooni. Kwa huruma ya kinafiki kaniletea dawa, akasimama mpaka nikameza vijiko viwili mbele ya Profesa. Kifua kimenyamaza kabisa! Jioni nzima nimekuwa nikinusa vumbi la majalada ili kikohozi kirudi.

Ijumaa, 7 Machi
Vikohozi hamsini na kimoja. Mia kwa mia! Makofi! Profesa peke yake hakupiga. Alivua miwani, akasema chembe zenyewe, zilizofungamana kweli, hupatia kama themanini na tano katika mia, basi. Kisha akauliza kwa upole: mwanangu, hicho kifua kimekuanza lini? Darubini alicheka hadi akatafuta kiti.
Barua haikutiwa saini. Miezi mitatu zaidi ya majaribio.
Nilimsindikiza dada kituoni. Akaniambia mama alijua siku zote. Alituachia kwa sababu alipenda kutusikia. Basi lilikuja upesi mno.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari kwa kina. Kosa nimeliona: tulipatia kupita kiasi! Nimeandaa orodha mpya yenye makosa kumi na tano, niliyoyatawanya kwa uangalifu mkubwa. Na kukohoa basi. Safari hii ni chafya. Dada amenikatia simu mara mbili. Nitampa nusu saa apoe.