Mganga Wangu Asiguswe

Jumatatu, 3 Machi
Furaha! Bosi ametangaza kwamba mchezo wetu wa kompyuta unapata sehemu ya pili, na Mganga anarudi. Mganga wangu! Miaka kumi iliyopita nilimwandika mimi, neno kwa neno, nikimwiga shangazi aliyenilea. Shujaa akijeruhiwa, yeye humfunga bendeji huku akimfokea kwa kutembea peku. Hata sauti ni ya shangazi. Tulimrekodi chumbani kwake, magodoro tumeyaegemeza ukutani kuzuia kelele. Nikiusikia ukali ule, mpaka leo huangalia kama nimevaa viatu. Nimeapa: atarudi vilevile, hata kitambaa cha kichwani kisibadilishwe.

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Mganga kapewa sentensi tatu. Tatu! Bosi anasema kuna wachezaji ambao, kwa kuwa mchezo unaruhusu kuchagua, walimwacha afie darajani sehemu ya kwanza. Kwao itabidi aje mganga mwingine, kwa hiyo wetu asipewe maneno mengi ambayo hao hawatayasikia. Nikauliza ni nani mwenye roho mbaya kiasi hicho. Bosi akakohoa. Ni yeye. Eti alikuwa na haraka.

Sikukubali. Nimebuni homa inayomwandama shujaa safari nzima, dawa yake anayo Mganga peke yake, au mrithi wake kwa wale waliomwacha afe. Bosi kaipenda sana. Kisha kazi ya kuandika maneno ya Mganga akampa Miwani, mwandishi mwenzangu, ambaye huvaa miwani mbili, moja usoni na moja kichwani. Nimekwisha.

Alhamisi, 6 Machi
Nimechungulia kompyuta ya Miwani. Mganga ana kovu shavuni! Ana upanga! Miwani anadai miaka imepita, na mtu akirudi lazima awe amepitia mambo. Nikamwambia mtu akirudi, wenzake wanataka kumtambua. Akaniuliza mara ya mwisho nilimtembelea lini shangazi. Nikamwambia asilete mambo ya familia kazini.

Mpango ni huu. Kesho shangazi anakuja kurekodi. Kurasa za Miwani zitaingia kwenye droo, zangu zitakaa mezani. Nani atajua?

Ijumaa, 7 Machi
Shangazi kaja. Nywele kakata, kavaa viatu vya mazoezi. Nilimwamkia huku nikimtafuta yule wa zamani usoni mwake. Akasoma ukurasa wangu wa kwanza. Akauliza huyu bibi wa kufokea watu ni nani. Nikasema ni yeye. Akasema zamani alikuwa mkali kwa sababu ya hofu. Kulea watoto wanne peke yake kulimtisha kila asubuhi. Hofu ile imemtoka, hataki kuirudia hata kwa mchezo.

Miwani, bila haya, akafungua droo, akampa kurasa zake. Shangazi alinguruma na kufyeka hewa mpaka fundi wa sauti akapiga makofi. Mimi nilitoka nje nikalia kidogo. Nilikuwa nimemkumbuka mno, naye yuko mle ndani, anacheka.

Jumatatu, 10 Machi
Shangazi kapiga simu. Anataka niende kwake Jumapili, tukae tuzungumze, tujuane upya. Nimemwambia nina kazi nyingi.

Si uongo. Nimeanza kuandika sehemu ya tatu, ingawa hakuna aliyenituma. Ukurasa wa kwanza, jiwe linamwangukia Mganga kichwani. Haumii sana. Anasahau tu sehemu ya pili yote.