Muktinath Bila Mimi

Jumapili, 3 Agosti

Mambo yamejipa! Mama Moonsamy, mjane wa Kihindi wa Midrand ninayemkatia majani, anakwenda kuhiji Nepal mwezi wa kumi. Hekalu linaitwa Muktinath, liko juu milimani, na mahujaji hupita chini ya mifereji mia na nane ya maji baridi. Marehemu mumewe aliweka nadhiri ya kufika, akafa kabla. Sasa mama ataitimiza yeye, tena kwa miguu; gari hataki kulisikia. Wanawe wamegoma mpaka apate wa kumsindikiza. Akaniuliza Kilimanjaro si iko kwetu Tanzania? Nikasema iko. Nimewahi kuipanda? Nikasema mara ngapi!

Mimi mtu wa Tanga. Mlima huo niliupita kwa basi, dirisha la upande wa pili, nimelala.

Jumatatu, 4 Agosti

Eish. Octave naye kajitokeza. Mkongo wa Goma, mlinzi wa geti la mama. Milima hajaitaja, kasema tu, "Niko na miguu." Mama atatupima wote Jumamosi, kwenye milima ya Drakensberg. Octave anakaa Joubert Park, ghorofa ya kumi na nne, lifti ilikufa zamani. Mimi nina chumba cha chini hapa La Rochelle, na kwa mwaka mzima nimemcheka.

Nimemvuta pembeni nikamnong'oneza kidugu kwamba kule hekaluni Wakristo hawapokelewi. Akafikiri. "Na Waislamu, ndugu?"

Hilo sikuwa nimelipanga.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimenunua buti za mlima, za mtumba. Zinabana, lakini zimechakaa vizuri, mtu anaona kabisa zimetoka mbali. Da Biubwa mwenye nyumba kanikuta nikizitembeza uani. Akauliza nasindikiza hujaji au nakwenda kuiba kuku. Wivu tu. Mazoezi sijafanya. Nani amesikia kiongozi wa mlima anafanya mazoezi?

Jumamosi, 9 Agosti

Drakensberg. Theluji vileleni. Baridi inauma mpaka meno.

Mbinu yangu ilikuwa safi: kutangulia mbio, nikishapotea machoni nijilaze nyuma ya jiwe, wakikaribia nisimame mkono kiunoni, niwaambie wanachelewa. Jiwe la kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu lilikuwa na jua. Nikalala.

Kuamka, hakuna mtu! Nikateremka mbio, buti zikinichuna visigino. Nikawakuta chini kabisa. Mama kifua kilimbana njiani. Octave alimkalisha, akammiminia chai, akamwambia, "Mama, turudi. Mulima haukimbie." Nikaeleza kwamba nilikuwa nakagua njia.

Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliniuliza tu: aliponiita, tena na tena, nilikuwa wapi? Nikasema upepo ulizidi, sikusikia. Akasema hapakuwa na upepo.

Garini Octave alinipa nusu ya mkate wake. Nikaula. Ulikuwa mtamu, nikazidi kuchukia.

Jumapili, 10 Agosti

Mama kapiga simu. Anakwenda na Octave.

Kasema uongo wangu wa Kilimanjaro aliujua siku ileile. Hakujali, maana viongozi wa mlima wa kukodi wamejaa hukohuko Nepal. Anachoogopa ni ile mifereji. Tangu utotoni maji baridi yanamtisha, na hata baharini Durban mumewe ndiye aliyekuwa akimshika mkono. Alitaka mtu anayemfahamu, wa kumshika mkono. Kaongeza kwamba alinifikiria mimi kwanza, kwa sababu ninamchekesha.

Kushika mkono! Hilo ningeliweza hata kwa ndara. Kutwa nzima sikutoka. Da Biubwa kaleta uji bila kuulizwa, wala hakunitania, na hapo ndipo nilipojua sura yangu ilivyo.

Jumatano, 15 Oktoba

Octave katuma picha. Mama Moonsamy chini ya mfereji, nywele nyeupe zimemganda usoni, kafumba macho, anacheka kama mtoto. Nyuma milima imejaa theluji. Mkono wake umeshikwa kwa nguvu. Nimeitazama mpaka ugali ukapoa. Ule mkono ulikuwa wangu. Niliulalia nyuma ya jiwe.

Nikatazama tena. Octave haonekani. Ni mkono tu, na mkono wa koti. Koti jeusi. Hata mimi nina koti jeusi.

Nimeiweka picha kwenye status: "Muktinath. Tumefika salama."

Pongezi zinamiminika! Bi Sumaiya wa saluni anauliza ninatoza vipi. Yeye na wenzake wanataka kupanda Drakensberg Desemba, wanatafuta mzoefu. Nimemjibu tutazungumza nikirudi, huku hewa ni nyepesi.

Da Biubwa kagonga ukuta. Anauliza kama mimi niko Nepal, nani anakohoa chumbani kwangu?

Nimeziba mdomo kwa mto. Kutoka Nepal si karibu, kwa hiyo nje sionekani kabla ya Jumatatu. Na mkate umebaki kipande kimoja.