Masaa Mawili Hadi Toronto

Jumatano, 3 Machi 1999
Nafasi imetoka! Mwalimu wa safari, wa kuwaandaa wakimbizi wanaokwenda kuanza maisha Kanada. Ndege sijapanda, lakini nimeziona zikitua. Mke wangu Zuhra kasema nikiikosa hii, naenda Mwamgongo kwa kaka yake kuanika dagaa. Dagaa! Mimi, Saad, mtu wa kuvaa tai!

Mshindani ni mmoja tu: Telesphory, mwalimu wa jiografia kutoka Bukoba. Hatembei bila atlasi kwapani. Anajiona sana.

Alhamisi, 4 Machi
Bi Veneranda wa ofisi ya safari katangaza mtihani. Jumamosi kila mmoja wetu atawafundisha wasafiri: Amsterdam hadi Toronto, umbali gani, muda gani?

Mbio hadi kwa Leonia, mkimbizi wa Uvira, ng'ambo ya ziwa letu, anayeondoka na wanawe. Kanionyesha karatasi yake ya safari. Kutoka Amsterdam saa nane mchana. Kufika Toronto saa kumi, siku hiyo hiyo. Masaa mawili! Kilomita elfu sita! Meli yetu ya ziwani ingekuwa bado inapakia mihogo.

Telesphory kapima kwa uzi kwenye atlasi, eti masaa manane. Nimecheka hadi nikashikwa na kwikwi.

Jumamosi, 6 Machi
Nimeng'ara! Nimewaambia wasibebe chakula, na haja ndogo wasiwe na haraka nayo, Toronto ni pale tu. Makofi!

Kisha Telesphory, hasidi yule, kanyoosha mkono. Eti ndege hiyo inarudi kwa masaa kumi na matatu kwa ratiba hiyo hiyo, inakuwaje? Sikupepesa jicho. Nikamjibu ni upepo. Kwenda unakusukuma, kurudi unapigwa usoni na Lukuga, ule upepo mkali wa ziwani, mvuvi yeyote anajua. Wasafiri waliokuwa wavuvi wakaitikia kwa kelele. Raha iliyoje!

Ndipo Leonia akaniuliza kwa upole: baba, umewahi kuvuka ziwa? Akasema ukifika Uvira unarudisha saa yako nyuma saa moja, sembuse huko Toronto. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke.

Lakini Mungu si Athumani! Telesphory alipofundisha, nusu ya wasafiri walisinzia. Bi Veneranda, akifuta machozi ya kicheko, kasema atatusikiliza tena Jumatatu saa nne kamili asubuhi. Atakayechelewa, kazi kaipoteza.

Jumatatu, 8 Machi, asubuhi
Telesphory kapita hapa saa tatu, anakimbia, jasho linamtiririka. Nimempungia mkono dirishani. Maskini, hakuelewa somo!

Mimi nimeelewa. Kila mahali pana saa yake. Kazi ni ya Kanada, basi saa nne ni ya Kanada. Nimehesabu kwa vidole, nikarudia: kwetu ni saa kumi na mbili jioni.

Zuhra amenipigia pasi shati, anauliza mbona bado nimejilaza. Nimemwambia atulie, msomi hakurupuki. Aniamshe saa kumi.